Nilimkatia kadi akiwa tayari mgonjwa

Mhariri, mmeuliza kama ni haki kila kaya ilazimishwe kujiunga na bima ya afya. Nilipoketi kuandika, jibu langu lilikuwa hapana. Anayelipwa kwa siku utamdaije ya mwaka?

Ila kuna jambo limenikaa kooni. Enzi zile Toto Afya Kadi, bima ya watoto ya mfuko wa taifa wa bima ya afya (NHIF) hapa Tanzania, ikikatwa kwa mtoto mmoja mmoja, Sh50,400 kwa mwaka, wanangu watatu hawakuwa nayo. Hela ilikuwapo, nikaona ya nini, watoto wazima. Kisha wa mwisho akaanza kukoroma usiku, pumzi inakatika. Daktari akasema ni nyama za puani, zitolewe. Kesho yake alfajiri niko kwenye foleni na picha zake za pasipoti, mwenyewe nimempakata, anahema kwa mdomo. Kaka zake sikuwakatia. Kijana wa dirishani akamtazama, akanitazama mimi.

"Mama, huyu mzima?"

"Mzima, baba. Mafua tu haya."

Akaandika. Nyuma yangu dada mmoja alikuja na mapacha, wanene, wanakimbizana chini ya mabenchi. Akaninong'oneza: "Eti wasipougua mwaka mzima, hela inarudi?" Nikamwambia hairudi. Akasonya, akazihesabu noti zake upya, akalipa.

Noti zile ndizo zilizompasua mwanangu. Yangu moja isingetosha.

Mwaka 2023 NHIF iliposimamisha uandikishaji ule na kutaka watoto waingie kupitia shule, kwa maelezo kwamba wengi walikuwa wanaletwa wakishaugua, mtaani kwetu hakuna aliyefoka kunizidi. Nilisema wanyonge wanaonewa. Moyoni nilijua aliyesemwa ni mimi.

Basi sawa, ilazimishwe. Lakini mchango wenyewe, kama ilivyokuwa ile Sh30,000 ya CHF iliyoboreshwa, mfuko wa afya ya jamii, kwa kaya ya watu sita huku mikoani, mkulima adaiwe akishavuna, siyo Februari ghala likiwa tupu. Na wasio na uwezo, ambao sheria ya bima kwa wote inawatambua, majina yao yasomwe kwenye mkutano wa kijiji, yasipangwe ofisini kwa mtendaji. Tunajua shemeji za nani huanza. Halafu dawa. Nikilazimishwa kulipa, kisha dirishani naambiwa nikanunue duka la nje, mhariri, nirudishieni hapana yangu.