Mavyaa ameifungia simu ya binti yangu sandukuni

*Shikamoo Shangazi. Nina watoto watatu, nakaa Kisauni na mume wangu pamoja na mavyaa. Binti yangu mkubwa ana miaka 16, yuko kidato cha tatu, shule ya kutwa. Simu imemteka. Hali nasi, halali mpaka saa nane za usiku (najua kwa kuwa wakati huo mimi huwa macho nikijibu wateja wangu wa madera), na asubuhi kumwamsha ni vita. Tangu mwezi wa pili alama zimeshuka, Jumatatu hataki kwenda shule, analia ovyo, na nikiingia chumbani huigeuza simu kifudifudi. Wiki jana mavyaa alimnyang'anya akaifungia sandukuni mwake, ufunguo kaufunga kwenye pindo la leso. Mume wangu kamuunga mkono mamake wala hakuniuliza. Mtoto sasa hasemi na mtu. Simu nilimnunulia mimi kwa jasho langu, hata TikTok nilimfungulia mimi kwa namba yangu. Nimechoka kuamuliwa mambo ya mwanangu. Nifanyeje?*

*Mama Madera, Kisauni*

Marahaba, mwanangu. Pole. Kukaa na mavyaa nyumba moja kuna mazito yake.

Haya, pole imekwisha. Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta kosa la mavyaa, sijaliona. Bibi wa watu kaona mjukuu anakauka, kafanya alichoweza kwa sanduku alilo nalo. Wewe uliyekuwa macho saa nane za usiku, ukauona mwanga chini ya mlango wa mwanao, ulifanya nini? Barua haisemi. Nabashiri ulimjibu mteja mwingine. Nyani haoni kundule.

Tangu 2023 TikTok humwekea aliye chini ya miaka 18 kikomo cha dakika 60 kwa siku. Ni kizuizi chepesi, mtoto akitia nambari ya siri anaendelea, lakini angalau anakumbushwa kwamba muda umepita. Wako hakukumbushwa, maana ulimfungulia kwa namba yako na, sina shaka, kwa umri wako. Kule ndani anajulikana kama mwanamke mzima muuza madera.

Kisha usingizi. Mwili wa umri ule wataka usingizi wa muda wa saa nane hadi kumi kila usiku. Anayelala saa nane akaamshwa saa kumi na moja na nusu awahi matatu, kapata saa tatu na nusu tu, na mwanga wa simu umekwisha udanganya ubongo kwamba kungali mchana. Mtu mzima akilala hivyo wiki moja anagombana na jirani. Huyu ni miezi. Kwa hiyo kabla hujamwita mraibu, au hujaanza kumtafutia kombe, yale maji ya aya za kunywa, mlaze kwanza.

Lakini hapa naachana nanyi nyote watatu, mavyaa akiwemo. Mtoto aliyekolewa na simu tu, ukimnyang'anya, atafoka, atabamiza milango, ataiba ya mdogo wake. Wako amenyamaza. Na wewe mwenyewe, bila kujua, umenitajia mwezi wa pili, umenitajia Jumatatu, umenitajia simu iliyogeuzwa kifudifudi. Nahisi kuna jambo lilitokea shuleni likamfuata hadi kitandani. Pengine wanamsema kwenye grupu la WhatsApp la darasa, pengine kuna picha inazunguka, pengine kuna mtu mzima anamsumbua. Sisi tulipoonewa shuleni tulipofika nyumbani tulipumua. Wa leo waonezi wake wanalala chini ya mto.

Nanyi mliooana zama hizi, mwanichosha. Mume kitandani kampa mke mgongo, mke kampa mume mgongo, kila mmoja uso umemulikwa buluu, kisha mwaulizana mtoto kajifunza wapi. Zamani tuligombania pesa na mawifi, lakini tuligombana tukitazamana.

Kesho asubuhi mpelekee mavyaa mahamri na mbaazi, umwambie alivyofanya kafanya vyema. Mwombe sanduku lifanye kazi kila siku: ikifika saa tatu za usiku simu zote za nyumba zilale humo, ya mumeo, ya binti, na yako iwe ya kwanza. Mchana binti arudishiwe yake, akaunti ifunguliwe upya kwa umri wake wa kweli.

Jumamosi mchukue peke yake mkale mihogo ya pilipili Mama Ngina. Usianze na habari za simu. Muulize mwezi wa pili kulikuwa na nini, kisha unyamaze, wewe ambaye barua yako imejaa "mimi, mimi". Akikuonyesha vitisho au picha, usifute kitu, ndio ushahidi wa kumpelekea mwalimu wa ushauri nasaha. Akisema amechoka kuishi, usimwambie anadeka, mpeleke Hospitali Kuu ya Pwani siku hiyo hiyo. Na mpe namba 116, simu ya kusaidia watoto, haitozwi hata ndururu.

Huenda akakwambia kwamba hayo angependa kumwambia bibi yake. Meza mate, mwite mavyaa, kisha wewe nenda jikoni ukapike chai.