Swali la lugha: Kupe, paa gumu na mgongo wa haraka

Msomaji wa Tanga anayetengeneza video fupi kuhusu magari ya zamani ya Marekani ameniletea sentensi yake niipime: "Mwili wa Mustang ya 1965 ulikuja kwa mitindo mitatu: kupe mwenye paa gumu, kibadilishaji, na mgongo wa haraka." Hapo ametafsiri maneno ya Kiingereza coupe, hardtop, convertible na fastback. Anasema watazamaji walibishana siku mbili juu ya neno kupe peke yake. Mfululizo wenyewe ameupa jina "Magari ya Msuli", kutoka muscle cars ya Kiingereza, na anauliza kama hilo nalo lina kasoro.

Nianze na kupe. Kwetu kupe ni yule anayeng'ang'ania sikio la ng'ombe na kufyonza damu. Enzi za Ujamaa alipandishwa hadi majukwaani, akawa jina la mtu anayeishi kwa jasho la wenzake. Neno lenye historia hiyo halikubali kuvuliwa maana yake ili livikwe gari. Tena tazama sarufi yako, ndugu yangu: umeandika "kupe mwenye", hukuandika "kupe yenye". Ulidhani unataja gari, lakini ulimi wako ulikwisha kuchagua upatanisho wa kiumbe hai. Lugha ilikuonya kabla ya watazamaji.

Neno la asili, coupé, ni la Kifaransa na maana yake ni kilichokatwa. Lilianza kwenye magari ya farasi yaliyofupishwa. Wamarekani nao wameliondolea silabi ya mwisho, wanatamka "kuup". Kwa hiyo hata ukisema kupe, husemi kama wenye magari wanavyosema. Andika "gari la milango miwili" na kila mtu atakuelewa.

Kuhusu mwili, sina maneno mengi. Mwili ni wa mtu au mnyama. Gereji yoyote utakayoingia utasikia bodi: bodi imeoza, bodi inanyooshwa, mwite fundi bodi. Tumia "aina ya bodi" unapohesabu matoleo, na "umbo" unapoeleza jicho linaona nini. Na gari haliji kwa mitindo. Hutolewa, au huundwa, kwa aina kadhaa za bodi.

Sasa paa gumu, ambalo ndilo kosa kubwa kuliko yote ingawa hakuna mtazamaji aliyeligusa. Kila paa la bati ni gumu. Ukimwambia msikilizaji kwamba gari hili lina paa gumu, hujamtofautishia chochote. Wamarekani walipolipa jina hilo walikuwa wakilinganisha na turubai: walichukua umbo la gari la kufunguka paa, wakaliwekea paa la chuma lisilotoka, ila hawakurudisha nguzo iliyo kati ya kioo cha mlango na kioo cha nyuma yake. Shusha vioo vyote, na ubavu mzima unabaki wazi kuanzia kioo cha mbele hadi mwisho wa siti ya nyuma. Sifa yake ni nguzo isiyokuwepo, na ugumu wa paa hauhusiki. Kulitohoa na kusema "haditopu" pia kutakupoteza, kwa sababu Mtanzania akisikia hivyo anaona Land Cruiser ya porini yenye bodi ya chuma iliyofungwa. Pendekezo langu ni "bodi isiyo na nguzo ya kati". Ni refu, nakiri, lakini linamwonyesha msikilizaji mahali pa kutazama.

Urefu huo una faida. Pontiac GTO ilipotoka kwa mwaka wa 1964 ilikuwa na aina tatu za bodi, zote za milango miwili: yenye nguzo ya kati, isiyo na nguzo, na ya kufunguka. Ukisema milango miwili tu, umezichanganya zote. Plymouth nao walipoleta Road Runner ya 1968 walianza na bodi yenye nguzo, na vioo vya nyuma vilivyokuwa vikisukumwa nje kidogo badala ya kushuka, ili bei ibaki chini ya dola 3,000. Isiyo na nguzo ilifuata baadaye mwaka huohuo wa modeli. Hapo nguzo inabeba habari ya bei na ya mnunuzi aliyelengwa, na mtangazaji asiyekuwa na neno la kuitaja hawezi kuisimulia habari hiyo.

Mgongo wa haraka. Neno mgongo silikatai hata kidogo, maana mafundi wetu wa nyumba wana paa la mgongo wa tembo, lile linaloinuka katikati na kushuka pande mbili, na wajenzi wa makuti pwani wanasema kipaa cha mbele na kipaa cha nyuma. Jicho la Mswahili lina mazoea ya kusoma paa. Kinachoharibu ni "haraka", kwa kuwa mgongo hauna mwendo. Tunachokiona ni paa linaloshuka kwa mstari mmoja kutoka juu ya kichwa cha dereva hadi karibu na ukingo wa nyuma wa gari. Basi ni "paa la mteremko". Lile jingine, ambalo paa linaishia ghafla, kioo kinashuka, kisha buti linalala kama kibaraza, liite "paa la mkato". Tunasema njia ya mkato, tunasema mkato wa kanzu. Na kwa bahati nzuri maana ya lile neno la Kifaransa tuliyoifukuza mlangoni imerudi kwa Kiswahili chake.

Yajaribu maneno haya kwenye Dodge Charger. Ya 1966 haina ubishi, ni mteremko mtupu. Ya 1968 ukiitazama kwa ubavu utaapa ni mteremko pia, lakini zunguka nyuma: kioo kimesimama, kimezama kati ya mbavu mbili za paa zinazoteremka peke yake. Hewa ilikuwa ikivurugika ndani ya shimo lile kwenye NASCAR, yale mashindano ya mbio za magari ya Marekani, na ndiyo sababu Charger 500 ya 1969 ililetewa kioo kilicholingana na mbavu. Gari la namna hiyo usilipe jina moja. Sema "mbavu za mteremko, kioo kilichozama".

Kibadilishaji kiache kabisa. "Gari lisilo na paa" nalo si kweli, kwa sababu paa lipo, limekunjwa. "Gari la wazi" tumeshalizoea kwa lile ambalo Rais hupanda akikagua gwaride. Tuna kiti cha kukunja na kitanda cha kukunja. Tuseme "paa la kukunja".

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Mustang ya 1965 ilitolewa kwa aina tatu za bodi, zote za milango miwili: yenye paa la mkato bila nguzo ya kati, yenye paa la kukunja, na yenye paa la mteremko." Ukitaka usahihi zaidi, ongeza kwamba gari lilipozinduliwa tarehe 17 Aprili 1964 zilikuwepo mbili za kwanza tu, na la mteremko likafuata baadaye mwaka huo. Angalia pia ngeli: Mustang ikisimama peke yake ni "ya", lakini ukitanguliza gari ni "gari la Mustang la 1965". Usiruke kutoka moja kwenda nyingine ndani ya sentensi moja.

Limebaki jina la mfululizo. Wewe ni wa Tanga, unajua msuli ni nguo ya kiunoni ya wanaume, na wanafunzi wanaokesha na vitabu wanasema wanapiga msuli. Nguvu za mwili tunaziita kwa wingi: yule ana misuli. Sitiari ya Kimarekani inaingia vizuri hapo, kwani GTO ile ilikuwa gari la ukubwa wa wastani lililopewa injini kubwa ya takriban lita 6.4. "Magari ya Misuli" nalikubali. Ongeza herufi moja tu.