Jibu: Mama mkwe hataki mwanangu arudi chanjo, nifanyeje?

Pole sana dada wa Urambo. Nimekuelewa, mtoto ana miezi minne, kapata penta (ile sindano moja ya kukinga magonjwa matano, kikiwemo kifaduro) ya wiki ya 6 tu akachemka usiku kucha, sasa mama mkwe kagoma asipelekwe tena na baba yake yuko porini anarina asali. Kwanza mpigie mumeo, maana huku kwetu Tabora bibi akisema hapana na baba hayupo nani atambishia, ila mwanawe akimwomba mwenyewe kwa heshima mara nyingi analegea. Wewe usibishane nae kabisa, mwite mhudumu wa afya wa kijiji aje akae nae amweleze kwamba homa ya siku moja mbili na kauvimbe pajani pale palipochomwa ni kawaida, kifaduro na surua ndo vya kuogopa.

Ukienda beba kadi, hawaanzi upya, wanaendelea pale mlipoishia, na ni bure. Nesi akikugombeza umechelewa vumilia tu, usigeuze, na umwambie kuhusu ile homa kabla hajachoma. Ila mtoto akipata degedege, akigoma kunyonya au homa ikipita siku mbili, wahi kituo cha afya hata kama ni usiku.