Jiandikeni kwenye bajeti, binti zangu

Binti zangu mnaoandaa filamu zenu za kwanza, nawapenda, lakini kwa hili mnanichosha. Kila msimu wa maombi ya ruzuku naletewa bajeti nizipitie, na kila nikifungua faili macho yanakwenda kwenye mistari mitatu ya juu: mwandishi, mwongozaji, prodyuza. Sifuri, sifuri, sifuri. Pembeni mmeandika "atajitolea". Mpiga picha analipwa, dereva analipwa, mama wa chakula analipwa. Aliyeibeba hadithi miaka yote hiyo hana hata shilingi. Vijana wa kiume hawaniletei bajeti za namna hiyo. Hata yule ambaye hajawahi kuongoza filamu fupi hujiandikia malipo yake bila kupepesa macho.

1. Tuanze na hilo, na hapa nitakaa.

Kuna mwenzetu mmoja, mwongozaji hodari, ambaye niliwahi kumshikia hesabu za filamu. Skripti ilikuwa yake. Nyumba ya kupigia picha ilikuwa ya shangazi yake, Masaka. Gari la shemeji, kamera ya rafiki. Akampata mshirika kutoka Ulaya mwenye yuro 40,000, na bajeti ikaandikwa yuro 40,000, kwa kuwa hizo ndizo fedha zilizoonekana. Shangazi alihamia chumba cha nyuma pamoja na kuku wake, jenereta ikanguruma chini ya dirisha lake hadi usiku wa manane, na asubuhi ndiye aliyepikia kundi zima chai ya tangawizi kwenye sufuria ya shughuli. Chai ile haikuingia popote kwenye vitabu. Kila nilipouliza, mwongozaji alinijibu: "Hiyo ni ya nyumbani, dada, iache."

Filamu ikatoka, ikazunguka kwenye matamasha, kituo cha televisheni kikainunua. Ndipo mkataba ukafunguliwa kwenye kifungu cha umiliki: kila upande kwa kadiri ya ulichochangia. Mshirika alichangia 40,000 kati ya 40,000. Mwenzetu akapewa asilimia 5 kwa hisani, tena baada ya gharama za usambazaji kurudishwa, na gharama hizo hazijaisha kurudishwa hadi leo. Alipotaka kuwaonyesha watu wa Masaka walioigiza humo, ilimbidi aombe ruhusa kwa barua pepe na kungoja. Shangazi akanipigia mimi simu, kwa sauti ya mtu anayeogopa kuudhi, kuuliza kama kuna kosa lililofanyika nyumbani kwake ndiyo maana hawaletewi filamu.

Sasa pigeni hesabu upya. Uongozaji 6,000, uandishi 3,000, uprodyuza 5,000, nyumba na gari 4,000, kamera 2,000. Jumla 20,000. Bajeti inakuwa yuro 60,000 na theluthi yake ni ya mwenzetu, bila kutafuta hata senti moja zaidi. Malipo yenu mnaweza kuyaahirisha, yakaingia kwenye mpango wa ufadhili kama mchango wenu. Mifuko mingi ya ruzuku hukubali hilo kwa kiwango fulani, kwa hiyo someni masharti. Thamani iwe ya soko la Kampala, pawepo barua ya mwenye nyumba iliyosainiwa na bei ya kampuni inayokodisha vifaa.

Najua sifuri hizo zinatoka wapi. Tumelelewa kwamba mwanamke mwema hahesabu alichotoa. Tena ukienda benki unaulizwa hati ya ardhi, na hati nyingi zina jina la baba au la kaka. Mtaji mlio nao ni skripti na jasho, na hivyo ndivyo mnavyovitoa bure kabla mazungumzo hayajaanza.

2. Skripti. Isajilini URSB, ofisi ya serikali ya usajili hapa Uganda, kwa jina lenu kabla ya kumtumia mtu. Sheria ya hakimiliki tuliyoipata 2006 inasema kazi iliyofanywa kwa kuagizwa ni ya aliyeagiza, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Mkiona kwenye mkataba kwamba mshirika "amekuagiza" kuandika hadithi uliyoizaa mwenyewe, kataeni neno hilo hapo hapo, kwa adabu na bila kucheka.

3. Mifuko. Mnaomba kila mahali kwa barua ileile, na wasomaji wa maombi wanaijua ikifika. Docubox ya Nairobi ni hasa ya filamu za hali halisi; msiwapelekee tamthilia kabla ya kusoma masharti yao. World Cinema Fund ya Berlin inamtaka mshirika wa Ujerumani, basi anzeni mapema kumtafuta, na Durban FilmMart, soko la filamu la Afrika Kusini, ni mahali pazuri pa kukutana na watu hao. Hubert Bals ya Rotterdam husaidia tangu hatua ya skripti, na mimi huwasukuma kuanzia huko, kwa sababu anayekaa mezani na skripti iliyokamilika hazungumzi kama mwombaji. Mtazameni mwongozaji Wanuri Kahiu: Rafiki, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kwenye tamasha la Cannes, 2018, ilikusanya washirika kutoka Afrika Kusini, Ufaransa, Ujerumani, Uholanzi na Norway. Washirika wengi ni makaratasi mengi, nakubali. Lakini hakuna mmoja anayeweza kukumeza.

4. Risiti. Bodaboda hana risiti. Mwandikieni vocha, asaini, na namba yake ya simu iwepo. Asilimia 10 ya bajeti mliyoitenga kwa dharura isiguswe kwa ajili ya sherehe ya kumaliza kupiga picha.

5. Ruzuku haiji yote kwa mkupuo. Inakuja kwa awamu, na ya mwisho kwa kawaida hutoka baada ya kukabidhi filamu iliyokamilika na hesabu zilizokaguliwa. Maana yake, uhariri, rangi na sauti vinafanyika wakati akaunti ni tupu, na hapo ndipo nimewaona mabinti wakikimbilia wakopeshaji wa mtaani na kuacha kadi ya gari la mume. Chora jedwali la fedha mwezi kwa mwezi, kwa shilingi, kwa kuwa yuro itakayofika Agosti haitakuwa na bei ya ile uliyoahidiwa Januari. Kisha, kabla ya kusaini, mwulize mshirika ni nani atakayemlipa mhariri katika miezi ile ya ukame. Asipokuwa na jibu, usisaini siku hiyo; mpe wiki moja atafute jibu, na wiki hiyo niletee mkataba niusome.