Usilipie kipimo cha mwanga kabla hujakijaribu kwa maembe yako

Yakhe, usitume pesa! Umeuliza kipimo gani cha mwanga kitakuonyesha maembe yaliyokomaa bila kuyakata. Hicho ulichoweka picha yake ndicho nilichouziwa mimi, na muuzaji aliniapia maneno yayo hayo: tunda ni tunda, bonyeza usome.

Uwongo mtupu. Kilikuwa kimepangwa kwa matofaa ya nchi za baridi. Nikaenda nacho soko la Kongowea, Mombasa, msimu wa kaskazi, lori limeshinda juani, maembe yanachoma mkono. Kila nililopima likasoma limekomaa. Nikalipia mzigo mzima, maembe aina ya ngowe na boribo, nikawapelekea wateja wa mahoteli. Maganda yakasinyaa, ndani ugwadu mtupu. Yalichumwa machanga, na embe changa hata ulivumbike vipi haliwi tamu. Wateja wakayarudisha, mtaji ukateketea, na yule bwana akaacha kupokea simu. Hadi leo nikimkumbuka damu yanichemka, maana alijua anachouza.

Mwanga wa kifaa kile hupenya kidogo tu chini ya ganda, kisha husoma ulivyomezwa na maji na vilivyomo ndani ya nyama. Ganda la ngowe si la tofaa. Tena joto huisogeza alama ya maji, yaani pale mwanga unapomezwa na maji, karibu na urefu wa wimbi wa nanomita 970, kwa hiyo embe la juani hutoa namba moja, na lilo hilo likipoa kivulini hutoa nyingine. Fukusi aliyejificha kwenye kokwa ndiyo kabisa, hutamwona.

Namba isiyolinganishwa na maembe yako usiitolee hata shilingi. Chukua ya aina moja, machanga na makomavu, yapoe kivulini. Tia alama ubavuni, pima hapo, kata nyama ya pale pale, ipime uzito, ikaushe kwenye oveni mpaka uzito usipungue tena. Kikavu kinachobaki, ukikilinganisha na uzito wa mwanzo, ndicho kinachoashiria utamu wa embe likiiva, na ndicho cha kulinganisha na namba ya kifaa. Ngowe peke yake, boribo peke yake, na mzigo wa shamba jipya ukija, rudia. Naam, utakata maembe, lakini bora hayo kuliko lori zima. Muuzaji asipokubali ukijaribu hivyo kabla ya kulipa, muachie kifaa chake.