Uwanja bila mtu mzima hautoshi
Ndugu, umeuliza kama kuwapa vijana mpira na ukumbi kunatosha kuwaepusha na uhalifu. Hapana. Wakikusanyika bila mkubwa wa kuwaangalia, wakorofi huwafundisha wenzao. Cha maana ni yule mtu mzima anayefika kila siku, anayewajua kwa majina na kumfuatilia asiyeonekana mazoezini.

Mfano ninaoupenda ni wa Chicago, mwaka 2012. Vijana kutoka shule za mitaa yenye vurugu walipewa kazi za likizo kwa wiki 8, wakiwa na watu wazima wa kuwaongoza kazini. Ndani ya miezi 16, kukamatwa kwa makosa ya ukatili kulipungua kwa asilimia 43 ukilinganisha na wenzao walioomba kazi hizo wakakosa kwenye kura ya bahati nasibu. Tena nafuu kubwa ilionekana baada ya kazi kwisha!

Nakuomba sana usiwapeleke kutembelea gereza ili kuwatisha. Njia hiyo ilijaribiwa Marekani, na tafiti zikaonyesha inaongeza uhalifu.

Kama uwezo ni mdogo, anza na saa zile za baada ya masomo, kabla wazazi hawajarudi nyumbani.