Mche unyimwe maji kitaluni, sio ukishatoa maua

*Shikamoo, et miche ikionja kiu mapema inakuwa sugu, kweli au maneno tu? (Pongwe)*

Marahaba mwanangu. Kweli, ila iwe kiu ya kiasi. Mche ukihisi udongo umekauka unatengeneza homoni inaitwa asidi ya abisisiki, hiyo ndo inafunga vile vitundu vya kwenye majani vinavyopitisha maji, afu chakula kingi kinashuka kwenye mizizi badala ya kurefusha shina, kwa hiyo kiu ikiurudia shambani unawahi kujifunga kuliko ule uliozoea kumwagiwa asubuhi na jioni.

*Nyanya nianze lini? (Tongoni)*

Siku 7 mpaka 10 kabla ya kuhamisha. Punguza kivuli, mwagilia kwa kuruka siku, majani yakilegea kidogo mchana sawa, lakini ukikuta asubuhi bado yamelala mwagilia hapohapo, hiyo sio mazoezi tena unaua. Usizidishe siku, mche unadumaa. Siku ya kung'oa loweka kitalu vizuri, hamisha jioni. Naumia sana nikiona watu wananunua miche mirefu laini iliyokulia kivulini, siku ya pili yote chini!

*Mchicha je?*

Mchicha hapana. Ukipata kiu unakimbilia kutoa maua, majani yanakuwa magumu.

*Mi nimezinyima maji nyanya zina maua, yamepukutika, na matunda yaliyoshika yameoza kitako. (Muheza)*

Pole sana dada. Muda wa maua na matunda usipunguze maji kabisa. Kalsiamu inasafiri na maji, maji yakikatika tunda halipati, ndo kitako kinaoza, hata kama udongo unayo. Yaliyooza toa, mwagilia kwa mpangilio, sio leo mafuriko kesho ukame, tandaza na nyasi kavu.

*Bamia naloweka mbegu?*

Loweka usiku mmoja, zianike kivulini zikauke juu, panda. Zinawahi kuota.

*Miche ikishakomaa hivo kiangazi si naacha kumwagilia? (Mwambani)*

Hapana kaka! Unapata ahueni ya siku chache tu, mche mkavu unabaki mkavu. Na mchanga wetu wa pwani haushiki maji, Januari na Februari jua lile na upepo wa kaskazi, bila samadi ya kutosha kwenye shimo hata mche sugu unalala.